Wakimbiaji Ambao Hawakuja Siku Ile

Fundi redio wa karibu na stendi alikuwa akiitwa Sekunde, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Siku za kawaida alikaa kibandani akichomelea waya za redio na simu. Siku za mbio alivaa kofia nyeupe na kutandika mikeka yake mitatu ya mpira barabarani: mmoja mwanzo, mmoja kwenye kona ya kugeuzia, mmoja mwisho. Mkimbiaji alifunga chipu kwenye kiatu, akikanyaga mkeka namba yake inaingia kwenye kompyuta pamoja na muda wake. Ambaye kona haikumsoma alihesabiwa amekata njia, anafutwa. Sheria hiyo aliitunga Sekunde mwenyewe, na ilimvimbisha kichwa si kidogo.

Mwaka jana, kwenye mbio za kilomita kumi, mama mmoja mfanya usafi wa zahanati alimaliza wa kwanza katika wanawake waliovuka miaka arobaini. Wa kwanza alikuwa anaingia kwenye timu ya kwenda kushindana ugenini. Kwa ajili ya nafasi hiyo mama yule alijifua miaka mitatu, kila alfajiri kabla hajashika fagio. Binti yake alimsubiri pembeni na taulo begani, meno yote nje. Sekunde akatazama kompyuta. Mwanzo yupo, mwisho yupo, kona hayupo.

"Dada, wewe kona hukufika," alisema. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia.

"Nimefika, kaka. Mkeka nimeukanyaga, nilikuwa katikati ya kundi."

"Mashine haina shemeji wala jirani. Ungepita, ingekusoma."

Watu wakaangua kicheko. Wakimbiaji wengine watatu nao walifutwa kwa kosa hilohilo, na Sekunde akawaambia waandaaji kwamba wezi wa njia siku zote hutembea pamoja. Nafasi ya timu akapewa mwanamke wa pili. Wiki haijaisha, mtaa mzima ulikuwa umeshamwita yule mama jina jipya: Mama Mkato.

Mwaka ukazunguka. Mbio nyingine zilipokaribia, Sekunde alikaa kibandani asubuhi moja kufuta kumbukumbu za zamani kwenye kile kisanduku kinachosoma chipu pale konani. Orodha nzima ya namba zilizosomwa hakuwa na tabia ya kuisoma, maana kompyuta ilimchujia, ikitupa kando namba zote ambazo hazikuanza mbio. Siku hiyo akaisoma. Namba 412 ilikuwa imesomwa konani mara mia tisa. Namba 413, mara elfu moja na kitu, na nyingine kadhaa hivyohivyo. Akafungua daftari la majina: hao wote walijiandikisha na siku ya mbio hawakutokea kabisa.

Akaikumbuka siku ile ya mbio. Chipu za wasiotokea alizitia kwenye boksi. Mbio zilipoanza tu, alikimbilia konani na pikipiki kukaza waya uliolegea, hakuona kiti, akaliweka boksi lile ubavuni mwa mkeka na kulikalia. Alipomaliza akarudi mbio kwenye mstari wa mwisho, boksi akaliacha palepale. Mashine ikashinda inasoma chipu za boksini, na waliopita kwa kusongamana wengine ikawaruka.

Angeweza kunyamaza, na wiki nzima alinyamaza kweli. Mimi hapo simsifu. Mtu aliyesema neno lake kwa kipaza sauti hana ruhusa ya kulimeza kimyakimya. Siku ya nane alipiga moyo konde, akachapa matokeo upya, yule mama akiwa wa kwanza, akaenda zahanati kumwulizia.

"Unamtaka Mama Mkato?" mlinzi alimuuliza. "Yuko nyuma huko, anapiga deki."

Sekunde akapita.

Alimkuta koridoni, akamweleza yote bila kujitetea: boksi, chipu, kiti alichokosa. Mama akakausha mikono, akaipokea karatasi, akaisoma mara mbili.

"Kwa hiyo kona nilifika."

"Ulifika, dada. Kosa ni langu. Nitatangaza mbele ya watu wote, na binti yako nitamweleza mimi mwenyewe."

"Binti yangu hakunitilia shaka hata siku moja," mama alisema. "Aligombana na watu shuleni, akagombana na majirani, kisa mimi."

Akaikunja ile karatasi taratibu.

"Mimi ndiye niliyeshindwa. Niliirudia njia ile kwa miguu mara tatu. Nikawa najiuliza, mashine imewasoma watu mia nne, iweje inikose mimi? Labda nilikuwa nimechoka, labda nilifuata watu waliogeuka kabla ya kona, na sikumbuki. Mwisho nikamwita mtoto. Nikamwambia aache kugombana, huenda ni kweli nilikata."

Sekunde alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Akasemaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Akaingia ndani, akalia. Kesho yake walipomtania njiani, akainamisha kichwa, akapita."