Karani Aliyesubiri Pingamizi

Orrin Stadtler, mshona hatamu, alimwona karani yule kwa mara ya kwanza siku kura za ugavana zilipohesabiwa upya katika mahakama ya wilaya, jimboni Missouri, Marekani. Chama cha Demokrati kilimtuma Orrin awe wakala na kupinga kura mbovu, yeye ambaye huomba radhi hata kwa farasi. Wagombea walikaribiana mno kwa kura. Wilaya ile ndiyo ingeamua mshindi. Karani alikuwa Mrepublikan, wa chama pinzani. Kila mara alilowesha kidole gumba, akainua kura kuelekea dirishani, akaisoma kwa sauti ya kanisani, kisha akamtazama Orrin juu ya miwani na kusubiri pingamizi lake. Orrin aliishia kukohoa.

"Jamani, Wademokrati wametuletea bubu!" Warepublikan walicheka.

Hatimaye Orrin aliona kura ambayo alama yake iligusa ukingo wa duara la kupigia kura, kasoro ambayo ingeweza kuifanya mbovu. Akajikaza, akasimama kwa kishindo, kiti kikaanguka. "Napinga!"

Ndipo alipotambua kwamba kura ile ilikuwa ya mgombea wake mwenyewe. Masikio yake yakawaka moto. Karani aliitazama tena kura ile dirishani, akailaza taratibu kwenye fungu la Wademokrati.

"Keti, Bwana Stadtler," alisema. "Sikusikia kitu."