Nyigu wa Keza

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuwapima vijana ilikuwa Kaniha, wilayani Biharamulo, na tuliiharibu kwa karanga. Kipimo chenyewe kilikuwa cha kujidhibiti, yaani kijana anaweza kiasi gani kuzuia mkono, ulimi na hasira yake. Tukawawekea vijana karanga mezani, tukawaambia asiyegusa mpaka turudi ataongezewa. Hakugusa hata mmoja. Bwana Mratibu, mkuu wetu, akafurahi, halafu akaguna, akaniuliza:

"Mama Koku, huku kwenu nani hula kabla ya mkubwa?"

"Hakuna."

"Basi tumepima adabu. Toeni karanga zenu."

Nikapelekwa Ngara, kata ya Keza, na kipimo kingine. Nikigonga meza mara moja, kijana agonge mara mbili. Nikigonga mara mbili, asiguse kitu. Ninyi wa vishikwambi mtaona ni mchezo. Wengi walikosea, wakacheka, wakajaribu tena. Waliopata alama za chini ndio waliopangiwa mnasihi wa kuzungumza nao.

Akaja Leokadia, binti wa kidato cha kwanza. Akaniamkia, akakaa. Hakukosea hata kidogo. Katikati ya kipimo nyigu akatua shavuni mwake, akapanda taratibu hadi karibu na jicho. Nikasahau kugonga. Binti hakupepesa, alikuwa anautazama mkono wangu, anaungoja. Nyigu akamuuma, akaruka. Shavu likavimba mbele yangu, na mikono yake ikabaki mezani.

"Mbona hukumfukuza?"

"Baba wa kambo hataki mtu atikisike."

"Hayupo hapa, mwanangu."

Akautazama mlango kwanza. "Huwa hasikiki akija."

Mimi si mwoga. Nikageuka kuutazama mlango. Ulikuwa wazi, na uwanja mtupu.

Jioni Bwana Msimamizi wa wilaya akataka binti yule apongezwe mbele ya shule, kisha arudi kwao. Kwa alama zile, mnasihi hakumhusu.

"Mtoto huyu anaogopa," nikamwambia.

"Alama ni alama, mama."

"Na mimi ni mzazi. Siondoki Keza mpaka afisa ustawi wa jamii afike nyumba ile."

Alinuna, lakini afisa alifika. Leokadia akahamia kwa bibi yake Biharamulo, na nikajisifu moyoni kwamba yameisha.

Sasa nimestaafu. Wakinisifia mtoto aliyetulia sana, huwa nauliza ametulizwa na nani. Watu huniona mkorofi, shauri yao.

Siku ya kuniaga kazini Leokadia alikuja, mtu mzima, fundi cherehani mwenye duka lake. Alicheka na kila mtu, akaketi karibu nami. Hotuba zikaanza. Nzi akatua mkononi mwake, akatembea hadi kwenye kiwiko. Sikusikia tena hotuba. Mkono haukutikisika.

Akainama sikioni mwangu.

"Mama," akanong'ona, "nimfukuze?"