Pongo wa Misunkumilo

Jirani yangu Baba Yohana alidai mbuzi wangu wanamaliza maharage yake, na mwenyekiti wa mtaa akaniamuru niwauze. Nikabisha: anayekula ni pongo, yule swala wa porini. Wakacheka. Pongo, hapa Misunkumilo, katikati ya nyumba za watu?

Bwana wanyamapori akaniazima kamera inayopiga picha yenyewe mnyama akipita mbele yake. Tukaifunga shambani kwa Baba Yohana. Picha zilipotoka studio nikawaita wote, nikainua ya kwanza: pongo dume, mdomo umejaa maharage! Nikapiga vigelegele, nikamkabidhi Baba Yohana zilizobaki bila hata kuzitazama.

"Mbuzi wako hawana kosa, Mama Editha," akasema. "Lakini huyu mwenye kitenge je?"

Nilikuwa mimi, natambaa kwa magoti kama pongo kuijaribu kamera, jani la maharage mdomoni.