Usta Normurod na fatiha aliyomnyima mwanafunzi wa Alhamisi

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, moshi wa mabua ya pamba unatoka kwenye banda lililo nyuma ya kituo cha mafunzo ya ufundi, nje kidogo ya Samarkand. Ndani ya banda, Usta Normurod Kholikov, usta maana yake fundi mkuu, amepiga goti mbele ya tanuri. Ananyunyizia kuta zake maji ya chumvi, anangoja mvuke ukatike, kisha anapokea mkate mbichi kutoka kwa mwanafunzi aliye nyuma yake.

Anauweka juu ya mto wa kubandikia mikate kwenye kuta za ndani na kuingiza mkono tanurini. Anasita. Bega la kulia limekataa. Anauhamishia mkate mkono wa kushoto na kuubandika karibu na mdomo wa tanuri, mahali ambapo moto ni hafifu.

"Usta, huo utatoka mweupe kama uso wa Diyor siku ya mtihani," anasema Oygul, msichana wa miaka kumi na sita. Wenzake wanaangua kicheko, na Diyor mwenyewe anacheka kuliko wote.

"Cheka tu," usta anamjibu bila kugeuka. "Wako wa wiki iliyopita tuliuokota majivuni. Tukampa mbwa, akatutazama sisi."

Usta Normurod ana miaka 63. Wanafunzi alio nao leo ni saba, wote wa darasa la kumi. Katika kituo hiki, watoto wa darasa la kumi na la kumi na moja huacha masomo ya shuleni siku moja kwa wiki, Alhamisi, wakaja kujifunza kazi waliyoichagua wenyewe: kushona, umeme wa nyumba, kompyuta au mikate. Fomu hujazwa mwishoni mwa Mei na mzazi hutia saini. Kompyuta hujaa asubuhi ileile.

"Kwangu wanakuja waliochelewa kuamka siku ya fomu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Miaka saba iliyopita, somo la mikate lilipoanzishwa, walijiandikisha wanafunzi ishirini. Usta alikuwa na duka lake sokoni, jina lake likijulikana hadi vijiji vya mbali. Aliombwa aje afundishe siku moja kwa wiki, kwa malipo ambayo mkewe, Bi Bahri, anasema hayakutosha hata kununua viatu alivyounguza. Alikubali kwa sababu aliitwa "mwalimu," na yeye shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne.

Kati ya wale ishirini, kumi na tisa walikuwa wavulana. Wa ishirini alikuwa Zulhumor Rajabova.

"Nilidhani amekosea kuweka alama kwenye fomu," anakumbuka usta. "Nikampeleka chumba cha kushona. Baada ya nusu saa nikamwona amerudi. Nikampeleka tena. Akarudi tena, safari hii amekwisha kufunga kilemba na kukunja mikono ya gauni. Akaniambia, 'Usta, nionyeshe pa kunawia.'"

Alimwonyesha. Kufikia majira ya baridi, anasema, msichana yule alikuwa na mkono ambao wavulana wale hawakuwa nao, na ambao yeye mwenyewe hakuwa nao katika umri huo. Aliujua unga kwa kuugusa. Akibandika mkate haukuanguka. Alijua, bila kuambiwa, kwamba siku ya upepo maji ya chumvi yaongezwe. Alikaa miaka miwili, na mtihani ulipokuja akapata cheti chenye alama za juu kuliko wote.

Lakini kwa waokaji wa huku kwetu, cheti ni karatasi. Kinachomfanya mtu kuwa mwokaji ni fatiha ya usta wake. Mwanagenzi huomba. Familia yake hutandika nguo ya chakula uani, waokaji wa mtaa wakaitwa, wakala. Kisha usta humfunga mwanagenzi kitambaa kiunoni, humkabidhi chekich, yaani kile kigongo chenye misumari midogo cha kuchomea katikati ya mkate usifure, halafu huinua mikono kumwombea. Hapo wote husema amina. Asiyeombewa hivyo aoke mkate wa kula kwao. Kuuza hauzi, na maduka hayamwajiri.

Zulhumor aliomba. Mama yake, mjane, akaazima sufuria na sahani kwa majirani, akapika pilau ya kondoo. Waokaji tisa walikuja. Usta Normurod akaketishwa mahali pa heshima.

"Nilikula," anasema. Amekaa juu ya gunia la unga sasa, watoto wametoka kwenda kunywa chai. "Nilikula vizuri, nikaongezewa. Mama yake akasimama mlangoni na kile kitambaa, kipya, kimekunjwa. Mwokaji mmoja akanitania, 'Haya Normurod, mfunge binti yako.' Wote wakanitazama. Na mimi nikasema, 'Fatiha si ya watoto wa Alhamisi.'"

Anarudia maneno hayo polepole.

"Wakacheka. Nami nikacheka. Nikavaa kofia yangu nikaondoka."

Mwandishi wa makala haya alimuuliza sababu. Anayo, na haifichi. Yeye alilala miaka sita kwenye ghala la mjomba wake, juu ya magunia, kabla ya kuombewa. Alipiga hesabu ya Alhamisi za msichana yule akapata kama sabini. Aliona ni dhihaka. "Na alikuwa msichana," anaongeza. "Nikisema hilo halikuwamo, nitakuwa nakudanganya."

Mwezi uleule alimpa fatiha mpwa wake, aliyekaa dukani miaka mitatu akiunguza kila alichokigusa. Mpwa huyo leo anauza simu.

Habari ya uani ilienea mjini kabla sahani hazijarudishwa kwa wenyewe. Zulhumor alikwenda kuomba kazi kwenye maduka manne na cheti chake mkononi. Kote aliulizwa swali moja: nani amekuombea? Aliposema ukweli, walimpa chai na kumsindikiza mlangoni. Hiyo ni miaka mitano iliyopita.

Sasa deni limebisha hodi. Daktari amemwambia usta bega halitarudi, na mwezi Mei anastaafu. Uongozi umeamua kwamba fomu za mwaka ujao zikifunguliwa bila jina la mwalimu, somo la mikate litafutwa, tanuri livunjwe na banda liwe chumba cha pili cha kompyuta.

"Mimi sitaki kulivunja," anasema Bi Mahfuza Sattorova, mkuu wa kituo, huku akifungua faili na kulifunga tena. "Lakini kanuni mpya zinataka mwenye cheti. Waokaji wa sokoni wanajua kuoka, cheti hawana. Wenye cheti nimewajaribu watatu. Mmoja aliniuliza tanuri linawashwa wapi, kaka yangu. Tanuri la mabua! Alikuwa anatafuta swichi."

Aliyetaja jina la Zulhumor ni usta mwenyewe. Bi Mahfuza akampigia simu binti huyo, akamweleza kazi, siku na malipo. Zulhumor alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Watoto wakiniuliza usta wangu ni nani, niwajibu nini?"

Mwandishi alimkuta Zulhumor kwenye kiwanda cha zabibu kavu, ambako huchambua vikonyo kutoka saa mbili hadi saa kumi na moja. Ana miaka 23. Vidole vinakwenda mbio hata anapozungumza, na macho hayatoki mezani.

"Amekutuma?" aliuliza.

"Hapana, dada."

"Basi kaa. Lakini usiniulize kama namchukia. Kila mtu ananiuliza hilo. Mtu aliyenifundisha kukanda nimchukie vipi? Kila nikishika unga namwona."

Kengele ya chakula ilipolia, alifungua kitambaa na kutoa mkate aliouoka nyumbani. Wanawake watatu wa meza ya jirani walinyoosha mikono kabla hajakaa, naye akawakatia. Mmoja wao, mama mnene mwenye meno ya dhahabu, alimgeukia mwandishi.

"Andika hili kwenye gazeti lako. Tumemwambia auze, hataki. Anatunenepesha bure huyu!"

"Nyinyi mlikuwa wanene nilipokuja," Zulhumor alimjibu.

Walipokwisha kucheka aliweka sauti chini. Kuuza hawezi, alisema. Si kwamba anaogopa watu. "Nimelelewa kujua kwamba mkate usio na radhi ya usta hauna baraka. Nikiuza, nitakuwa ninawauzia watu kitu kilichopungua. Wewe ungeweza?" Alikusanya makombo kiganjani. "Kinachoniuma si mimi. Ni mama. Kile kitambaa amekifungia sandukuni. Kila mwaka hukitoa akakianika jua, akakirudisha. Haniambii kitu, nami namwona."

Kuhusu kazi ya ualimu, alitikisa kichwa. Anaitaka, hakuificha. Alisema huwaona watoto wa Alhamisi wakipita na unga kwenye nywele na hutamani kuwafuata. Lakini hatasimama mbele yao akiwa nusu mtu. Mwandishi alipoaga, alimpa kipande cha mkate uliobaki, kile cha katikati, akiwa amekifunga kwenye karatasi.

Kipande hicho kilifika bandani Alhamisi iliyofuata. Mwandishi hakusema kimetoka wapi. Usta alikipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea mkate, akakigeuza kutazama upande wa chini, akakigonga kwa kidole. Akamega. Alianza kutafuna, akaacha.

Akakisogeza kwenye mwanga na kutazama matundu ya katikati. Misumari ya chekich huacha matundu ya mviringo, yamepangika. Haya yalikuwa membamba, yamekwenda ovyo, ya aina ambayo wake zetu huyachoma majumbani kwa kifungu cha vijiti vya manyoya ya kuku.

"Chekich inauzwa sokoni kila duka," alisema. "Mtoto wa shule anaweza kununua. Miaka mitano, na huyu hajanunua. Anangoja kukabidhiwa."

Akafuta uso kwa mkono wake wenye unga. Oygul na wenzake, waliokuwa wakisukuma madonge, waliacha.

"Nilisema sabini hazitoshi," alisema usta. "Nimewapa fatiha wanaume kumi na mmoja. Nihesabie wanaooka leo. Wawili. Na mmoja wao mkate wake sili."

Mwandishi wa makala haya alikuja akiwa amejiandaa kumkasirikia mzee huyu. Ilikuwa vigumu. Ni masikitiko kumwona mtu anayejua kabisa alichokifanya, ambaye kila wiki anapiga goti mbele ya tanuri lilelile alilomfundishia Zulhumor.

Mpango wake wa kumpa Zulhumor fatiha ni huu. Desturi inasema mwanagenzi ndiye anayetandika na usta ndiye anayekuja. Yeye atatandika mwenyewe. Amenunua mchele, ameagiza kondoo, na amekwenda kwa miguu kwa kila mmoja wa wale waokaji tisa. Wawili wamefariki, ameita watoto wao. Wengine hawakupendezwa.

"Usta hampikii mwanagenzi," mmoja alimwambia hadharani sokoni. "Unajivunjia heshima uzeeni, Normurod."

"Nilikula pilau yao nikaenda zangu," alimjibu. "Nianze kwa kuirudisha."

Chekich atakayompa ni ile aliyopewa na mjomba wake, yenye mpini uliochakaa ukashika umbo la kiganja. Alikuwa ameiweka abaki nayo hadi kufa. Bi Bahri ameiosha na kuifunga kwenye leso.

Aliomba siku ya kwenda kwa mama yake Zulhumor, Jumapili yoyote. Ujumbe ulipelekwa na Bi Mahfuza. Kwa siku nane hapakuwa na jibu, na katika siku hizo nane, anasema mkewe, usta hakumaliza sahani hata moja ya chakula.

Siku ya tisa jibu lilikuja. Kuhusu kazi, Zulhumor alisema ataona baadaye. Kuhusu fatiha, mama yake amekubali kukitoa kitambaa, ila si kwa Jumapili, wala si uani kwao. Usta atandike palepale bandani, mbele ya wanafunzi.

"Mwambieni," alisema Zulhumor, "ifanyike Alhamisi."

Itakuwa Alhamisi ya pili ya Mei. Usta amewatangazia watoto wake saba kwamba atakayekosa siku hiyo asirudi tena. Wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani, alimwonyesha mwandishi umbali ambao mkono wake wa kulia unaweza kufika akiinua kuomba. Aliuinua taratibu, akikunja uso, hadi kifuani, ukagoma hapo.

"Siku ile uani kwao ulikuwa mzima," alisema. "Ungefika popote."