Mkono wa Kulia wa Ganesha

Lori lililonibeba kutoka Vwawa lilisimama Mpemba, kabla ya kufika Tunduma, nyuma ya foleni ya malori ambayo mwisho wake sikuuona, na dereva akazima injini kama mtu anayejua hataiwasha tena leo. Nikamalizia safari kwa bodaboda. Tunduma sikuwahi kufika. Kwangu ilikuwa nukta tu kwenye ramani, na nilikusudia kuivuka kwa nusu saa kuingia Zambia.

Mpakani afisa alifungua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, akarudi mwanzo, akaenda tena mwisho.

"Mzee, hapa hamna pa kugonga muhuri. Umezijaza zote."

Alisema kwa huruma, lakini alisema. Ilibidi nisubiri pasipoti mpya. Nilitoka nje na begi langu, upepo wa Juni ukinirushia vumbi, na ndipo lori moja kuukuu likapita mbele yangu polepole. Mlangoni alikuwa amechorwa Hanuman, yule nyani shujaa wa hadithi za Wahindu, amebeba mlima kiganjani. Nimemwona Hanuman katika miji mingi. Huyu alikuwa na magoti ya mtu aliyewahi kubeba mzigo kweli.

Nilimwuliza mbadilisha fedha aliyekuwa kando yangu ni nani aliyechora vile.

"Hiyo ya Mama Loisi," akasema. "Nenda gereji ile ya nyuma ya maghala. Ila usimsumbue. Leo anahukumiwa."

Nilimkuta amepiga magoti juu ya ubao wa plaiwudi mrefu kuliko yeye: mama wa miaka hamsini na kitu, koti la mwanaume, kitambaa kichwani. Jina lake mwenyewe ni Ikupa. Ubao wote ulikuwa umefunikwa magazeti, isipokuwa ukanda mwembamba chini kabisa, ambapo alikuwa akimalizia ukucha wa mguu wa kijivu.

"Kama umeleta kazi, mimi leo sipokei," alisema bila kuinua macho. "Kama umeleta maneno, kaa hapo, ongea taratibu."

Nikakaa. Alipokuwa akipaka alinisimulia maisha yake kwa vipande. Kwao ni Ikinga, Ileje. Akiwa na miaka kumi na mitano alipelekwa Mbeya kufanya kazi za ndani kwa familia ya Kihindu. Kila asubuhi alifuta vumbi kwenye chumba cha sala, na bibi wa nyumba ile, asiye na mtu mwingine wa kuongea naye mchana, alimweleza kila picha: nani alimzaa nani, nani alimkata kichwa nani, kwa nini huyu amepanda panya. Ikupa akawa anawachora kwa mkaa nyuma ya kalenda zilizopita. Baadaye akaolewa, akafiwa, akaja Tunduma, na siku moja dereva mmoja akampa mlango wa lori achore chochote anachokijua. Alichokijua ndicho hicho. Kwa miaka ishirini matajiri wa malori walimfuata, na maduka kutoka Sumbawanga hadi Ndola yakawa na miungu yake juu ya kaunta.

"Na kanisani?"

"Nasali Moraviani, Jumapili naimba kwaya. Walishaniuliza. Nikawaambia, seremala wa majeneza mbona hajafa?"

"Muulize sasa nani anamletea lori," ilisema sauti kutoka kibanda cha pili.

Alikuwa Venance, mwanaume mnene mwenye miwani kwenye paji la uso. Zamani walichora pamoja, mabango na milango. Kisha Venance akauza brashi zake, akanunua mashine ya kuchapa stika, na malori yakahamia kwake. Mwaka huu hakuna hata moja lililosimama kwa Ikupa.

Ndiyo maana siku hiyo ilikuwa ya hukumu. Mfanyabiashara wa Ndola, Kirti, alikuwa amejenga ukumbi mdogo wa ibada wenye kuta nne tupu. Yeye alitaka picha za kuchapwa. Mama yake, mzaliwa wa Mbeya, alitaka mkono wa mtu. Wakakubaliana Ikupa achore kwanza mmoja, Ganesha mwenye kichwa cha tembo, anayeombwa aondoe vikwazo kabla mtu hajaanza jambo lolote. Wangempitia saa sita. Picha ikipendeza, angeondoka nao leo hii na kuta zote nne zingekuwa zake, kazi ya mwaka mzima. Isipopendeza, Venance angechapa.

Saa nne na nusu alisimama, akanyoosha mgongo, akaanza kuondoa magazeti. Gereji ile ina vumbi kiasi kwamba rangi mbichi hugeuka msasa, kwa hiyo alikuwa amechora kwa siku tisa akifunua kipande kimoja na kufunika kingine. Picha nzima alikuwa hajaiona. Tukauinua ubao, tukauegemeza ukutani.

Ulikuwa uzuri mtupu. Tumbo linameta, panya miguuni anakodoa macho. Nikatazama mikono minne mmoja mmoja, na neno likanitoka kabla sijalipima.

"Dada, huyu anabariki kwa mkono wa kushoto?"

Alikwenda kwenye kona akaleta karatasi kubwa iliyotobolewa kwa sindano, matundu mamia yakifuata mistari ya umbo. Hiyo ndiyo chati yake: huilaza juu ya ubao, huipigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa, na nukta zinabaki chini kumwongoza. Imepakwa mafuta mpaka inapitisha mwanga, pande zote mbili zinafanana. Aliishika hewani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Niliilaza kifudifudi," akasema.

Kila kitu kilikuwa kimehama upande. Mkono wa baraka ulikuwa wa kushoto, na kwa heshima za huku hata pipi humpi mtu kwa kushoto. Mbaya zaidi ni mkonga. Bibi wa Mbeya alimfundisha kwamba Ganesha wa mkonga wa kulia ni mkali, anadai ibada isiyokosea hata siku moja, na watu wengi hawathubutu kumweka. Rangi ile ya mafuta ingehitaji siku mbili kukauka. Ilibaki saa moja na nusu.

Venance alikuja akatazama, akashusha miwani.

"Da' Ikupa, nyamaza tu. Nani atahesabu mikono minne?"

"Mama yake."

"Mama yake ana magonjwa ya miguu, hata kwenye gari hatashuka."

Ikupa aliosha brashi zake zote, moja moja, ingawa nyingine zilikuwa safi.

Kirti alifika kabla ya wakati, gari jeupe, simu sikioni. Aliingia peke yake, akasimama mbele ya ubao, akapiga picha.

"Safi sana, fundi! Haya, tupakie. Nakonde, ng'ambo ya mpaka, foleni inakua." Akaita kijana wa gereji ashike upande wa pili.

Mambo yalikuwa yamekwisha kwa heri. Venance alinitazama kwa jicho la unaona. Ubao ukainuliwa, ukafika mlangoni.

"Subiri," Ikupa akasema. "Mama auone kwanza."

"Ataona Ndola."

"Auone hapa, baba. Nakuomba."

Yule mama alishuka kwa shida, mkono mmoja kwenye mkongojo, sari chini ya sweta zito. Alitazama muda mrefu.

"Huyu nani amemfundisha kubariki hivi?" aliuliza, Kiswahili chake ni cha Mbeya kabisa.

"Nimekosea, Ba," Ikupa akasema, akimwita mama kwa Kigujarati. "Niligeuza karatasi. Kila kitu kimegeuka."

"Na mkonga pia."

"Na mkonga."

Kirti alipiga kiganja kwenye paji lake. "Mama, si nilikwambia? Tuchape tu!"

Venance, sijui kama ni kwa biashara au kwa mazoea, alikuwa ameshapiga picha kwa simu. Aligusa kitufe kimoja, na pale kiooni Ganesha wa Ikupa akageuka: mkono wa kulia juu, mkonga kushoto, hana kosa.

"Dakika arobaini inatoka," akasema, kisha akaonekana kujutia.

"Umeona?" Kirti akasema. "Kitufe kimoja!"

Mama akamgeukia Ikupa. "Na wewe, kitufe huna?"

Ikupa aligeuza ubao, upande wa nyuma, mtupu. Akaokota kipande cha mkaa. Miaka ishirini hajachora umbo hili bila matundu ya kumwongoza. Aliinua mkaa, akaushusha bila kugusa.

"Venance. Njoo ukae hapa mbele yangu, kwenye hili pipa. Inua mkono wa kulia."

"Mimi?"

"Tumbo unalo. Inua."

Venance akakaa. Kiganja juu, kama trafiki. "Leo nimepandishwa cheo," akanong'ona, lakini hakuna aliyecheka, naye hakuushusha mkono.

Ikupa alimtazama, akatazama ubao, akaanza na mkonga. Mstari wa kwanza ulipinda vibaya. Akaufuta kwa kitambaa cha kichwa. Wa pili ukashuka kutoka paji la uso, ukajikunja upande wa kushoto bila kukatika. Kirti alikuwa akitazama saa. Masikio. Bega. Mkono ulioinuliwa, vidole vifupi vinene vya Venance vilevile. Dereva alipiga honi nje, mama akanyanyua mkongojo kidogo, honi ikakoma.

"Tumbo dogo," akasema mama. "Huyu ana njaa."

Ikupa akafuta, akalipanua.

Mama akasogea karibu sana, pua yake nusura iguse mkaa. Kisha akamwambia mwanawe kwa Kigujarati, lugha niliyoiokota safarini, ampe ukuta. Kirti akabisha. Mama akarudia, neno moja tu.

"Ukuta mmoja," Kirti alimwambia Ikupa. "Zile tatu, mama ataamua akishaona huo. Una pasi ya kusafiria?"

"Ninayo."

"Dakika tano."

Alizitumia tatu. Brashi kwenye ndoo, nguo kwenye mfuko wa shangazi kaja, chati ya matundu akaikunja, lakini kwanza akaandika kwa mkaa upande mmoja: HUKU JUU. Akamshika Venance mkono, akasema, "Ndaga," asante ya kwao, akapanda kiti cha nyuma kando ya mama. Walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu panya, awe mweusi au kahawia, kabla mlango haujafungwa.

Nililifuata gari kwa miguu mpaka mahali ambapo mimi siruhusiwi kuvuka. Liliingia katikati ya malori mawili ya kubeba shaba, likasogea, likasimama, likasogea tena, halafu likawa Zambia.

Niliporudi gereji, Venance alikuwa bado kwenye pipa, anajikanda bega la kulia.