Siki, Pamba na Taa

Dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka kwetu Uvira. Alikuwa amekoma hedhi zamani, lakini damu ilikuwa inatoka tena. Alishakwenda kituo cha afya mara nne, na mara zote alipewa vidonge akarudishwa nyumbani.

"Walikuangalia?" nikamuuliza.

"Kuniangalia wapi, mudogo wangu? Waliniuliza tu, wakaandika."

Alipofikishwa Bukavu, daktari alimpima, akasema ni saratani ya mlango wa kizazi na imeshasambaa. Miezi mitano baadaye walimzika. Mimi nilitazama mazishi kwenye simu, nimeketi jikoni kwangu Schaerbeek, huku ughaibuni.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Mwenzangu mmoja kazini, muuguzi aliyewahi kufanya kazi vijijini Afrika, alinieleza kwamba pasipo na maabara, muuguzi aliyefundishwa hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi. Palipoanza kuharibika hugeuka peupe, pakatibiwa kabla ya kuwa saratani. Siki, pamba na taa. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi, ngumi nimezikunja. Nyumbani kwa dada siki haikukosekana hata siku moja.

Tulifanya matanga huku huku, kwenye ukumbi wa kanisa, Matonge, mtaa wa wahamiaji wenzetu. Papa mmoja, mzee wa heshima kwetu, akasimama kutufariji. "Bon, Mungu njo alipanga," akasema.

Nilishindwa kunyamaza. "Papa, kwa heshima yako, alikwenda mara nne. Mungu hakumukataza muntu kumuangalia."

Sikuomba radhi, na hadi leo sijaomba.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, maman mmoja akaninong'oneza, "Mimi barua za serikali za kwenda kupimwa ugonjwa huo zinanifikiaka kila mara. Ninazitupaka. Nasikia haya."

Nilimsindikiza mwenyewe hospitalini. Walikuta chembe zilizoanza kubadilika, wakaziondoa, na baada ya siku chache akarudi kazini. Nilifurahi kwa ajili yake, na papo hapo hasira ikanipanda upya: yeye alitupa barua akapona, dada yangu alijipeleka mwenyewe akafa.

Nikamsihi binti wa dada naye akapimwe. Alisafiri hadi Bukavu pamoja na majirani watatu.

"Mimi niko muzima, tantine," akaniambia kwa simu, mimi mama yake mdogo. "Lakini muuguzi anayejua kazi hiyo ni mumoja tu. Wale majirani walirudishwa bila kupimwa. Waliambiwa wajaribu mwezi ujao."