Dobi na Binti Aliyenyanyua Vyuma

Dobi alikuwa ameinamia beseni la mashuka ya hospitali wifi yake alipoingia, mikono kiunoni, habari imemjaa kifuani.

"Binti yako ananyanyua vyuma. Nimemwona kwa macho yangu haya, pale ukumbi wa michezo nyuma ya shule. Atadumaa huyo, abaki kimo cha kigoda!"

Dobi alijishika mgongo. Mgongo ule aliuharibu akiwa na umri uleule wa bintiye, mwaka alioanza kufua, alipopewa kapu la mashuka yaliyolowa na kuambiwa abebe tu, asijidekeze. Akabeba. Kitu kikalia ndani, ta! Tangu hapo haamki asubuhi bila kwanza kukaa kitandani na kuubembeleza mgongo ukubali kunyooka. Na sasa mwanawe wa pekee, yule mwembamba waliyemwita Sisimizi, anakwenda kujivunja kwa hiari yake!

Hakungoja hata kuvua aproni. Alishika njia, povu likimkaukia viwikoni, akiyapanga maneno atakayoyamwaga.

Mlangoni maneno yote yakamruka. Alitarajia vishindo, akakuta kimya. Sisimizi alisimama katikati ya ukumbi ameshika mpini wa ufagio. Mpini mtupu. Mwanamke mfupi, mnene, kipenga shingoni, alimzunguka kama fundi anayekagua ukuta.

"Mgongo usipinde. Shuka taratibu. Hapo. Rudia."

"Huo ndio unyanyuaji wenyewe?" dobi akaropoka.

Wote wakageuka. Sisimizi alitamani ardhi immeze.

"Karibu, mama," kocha alisema. "Nilimwambia akulete kabla hajagusa chuma. Naona alisahau."

"Hakusahau. Aliniogopa. Na mimi naogopa pia. Nasikia vyuma vinazuia watoto kurefuka." Dobi akamtazama kocha kuanzia utosini hadi viatuni, safari isiyokuwa ndefu. "Wewe mwenyewe je?"

Kocha alicheka mpaka kipenga kikaruka. "Mimi? Mamangu ananifika begani, na hajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko sufuria!"

Kisha akaacha mzaha, akaketi naye kwenye benchi. "Hofu yako si ya bure. Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na ncha zake, ndipo unaporefukia. Akiumia vibaya hapo, mfupa unaweza kukua kombo. Lakini kinacholeta balaa ni pupa: uzito usio saizi yake, mkao mbovu, kutafuta sifa bila mtu wa kumwangalia. Akienda polepole, akisimamiwa, vyuma havimfupishi. Akisikia maumivu, tunaacha. Siku ya kupumzika, anapumzika."

"Basi nitakuja kuangalia," dobi akasema. "Kila mara."

Na kweli akawa anakuja. Mpini ukapisha fimbo ya chuma nyepesi, fimbo ikapata visahani vidogo vya uzito pembeni. Mara nyingine kocha alimfanyisha binti jambo la ajabu: kuinua kidogo, kisha kuachia chuma na kuruka nyuma. Dobi alidhani ni michezo ya kitoto.

Nyumbani napo mambo yakageuka. Jioni moja Sisimizi alimkuta anataka kubeba kapu la nguo mbichi. "Hapana, mama. Livute karibu na mwili kwanza. Chuchumaa. Sasa sukuma kwa miguu." Dobi alitii kwa kumridhisha tu. Kapu likapanda, mgongo kimya. Alisimama nalo pale uani, mdomo wazi, kama aliyeoneshwa mlango ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote. Hakuna aliyewahi kumfundisha kubeba!

Sketi ya shule ilipoanza kupanda juu ya magoti, wifi alilaumu maji ya moto. "Umeifua hadi ikaruka." Dobi akatabasamu, akakunjua pindo.

Siku ya mashindano ya vijana, wifi naye alikuja, akakaa kando ya dobi mstari wa mbele. Sisimizi alinyanyua mara ya kwanza bila shida. Mara ya pili chuma kilifika juu, kikayumba, kikaanza kumlemea.

Dobi alipiga yowe. Kabla yowe halijaisha, binti alikuwa ameachia, amerukia nyuma, na chuma kimeanguka mbele yake kwa kishindo kilichotikisa viti. Alisimama wima, mzima, akicheka kidogo. Ndipo dobi alipoelewa ile michezo ya kitoto.

"Uongezwe, uongezwe!" vijana walipiga kelele. Kocha akatikisa kichwa. Uzito uleule.

Sisimizi akarudi. Akapaka chaki viganjani, akachuchumaa, akavuta pumzi. Chuma kikaondoka sakafuni kwa namna ambayo dobi hangeweza kuieleza, kama kwamba kilikuwa kinangoja kuombwa vizuri. Kikapita magoti, kikapita kifua, kikatua juu ya mikono iliyonyooka. Binti, aliyekuwa amechuchumaa chini yake, akainuka polepole. Hakutetemeka. Ukumbi mzima uliacha kupumua.

Wifi alikuwa amemng'ang'ania mkono dobi, machozi yakimchuruzika, akisema tu, "Wifi yangu, wifi yangu." Dobi alitaka kupiga makofi lakini mikono haikumtii. Alimtazama yule msichana aliyesimama na dunia juu ya kichwa.

"Huyu nimemzaa mimi?" alinong'ona, bila kumwuliza mtu.